Picha Iliyokwama Kwenye Jina Langu

Lindi, Kibera
12 Aprili 1999

Kwa Oloo, fundi wa kompyuta, Kawangware,

Assalamu aleikum, ingawa wewe ni wa kanisa. Salamu haijawahi kumuua mtu. Ni mimi Bakhita wa Mzee Ramzy, ambaye ulikuwa ukila maandazi yake bila kuomba mlipokuwa wapangaji wetu. Nasikia siku hizi una duka na watu wanakuita injinia. Haya, injinia, nina kazi yako.

Mzee alifariki tarehe 2 mwezi wa tatu, najua mama yako Seline alikwambia. Arobaini yake imepita juzi. Mimi nimekaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki nje ya mlango na haingii kwangu mwanamume asiye ndugu yangu. Ndiyo maana nakuandikia, la sivyo ningekuja kukuvuta sikio mwenyewe. Barua anakuletea Adhis, msichana aliyepanga kwangu, anayefanya kazi ya nyumba huko Riruta na hupita hapo kwako kila siku.

Unamkumbuka yule mwanafunzi mzungu aliyekuwa akipiga picha za video za wazee wetu? Kabla ya kwenda kwao alimwachia Mzee kompyuta yake ya zamani, ile ya kufunga kama kitabu, pamoja na CD ambayo ndani yake Mzee anaongea. Anaongea Kinubi kitupu. Mzungu hakuelewa hata neno moja, alikuwa akitingisha kichwa tu kwa heshima. Mzee mwenyewe aliniambia, "Bakhita, mambo ya vile vyumba viwili vya barabarani nimeyasema mbele ya ile mashine. Nikifa, waonyeshe."

Vile vyumba unajua ni vya nani. Mabati yake nilinunua mimi, kwa kusuka na kuuza vitanga vya ukindu miaka sita. Sasa shemeji yangu Sadiq anasema ploti yote ni ya ndugu na mimi nitoke na nguo zangu eda ikiisha. Wazee watakaa Jumapili tarehe 11 mwezi wa saba. Sina karatasi, sina shahidi. Nina hiyo CD peke yake.

Nayo haichezi. Mzee anatokea, anakohoa, anasalimia, anaanza kusema. Halafu picha inarukaruka, sauti inakatika kama mtu mwenye kwikwi, na anakwama mdomo wazi akisema jina langu. Kila mara ni pale pale. Nimemwangalia amekwama hivyo mpaka nimeanza kumkasirikia.

Kuileta kompyuta kwako haiwezekani. Kikitoka kitu hapa kabla ya kikao, Sadiq atasema nimeiba mali ya marehemu. Niambie la kufanya, nami nitafanya. Kusoma najua.

Bakhita


Kawangware
14 Aprili 1999

Mama Bakhita,

Pole sana kwa msiba. Mzee Ramzy alinifundisha kuendesha baiskeli na alinichapa nilipoigonga kwa mtaro, na yote mawili nilistahili. Nilikuja matanga nikakaa nje na wanaume, hukuniona.

Usijali, hiyo si shida kubwa. Kompyuta ya zamani na video ni kama kumpa babu gunia apande nalo mlima. Fanya hivi, moja baada ya nyingine, na kila mara ujaribu kucheza tena.

Kwanza, zima mashine kabisa, uiwashe, na usifungue kitu kingine chochote isipokuwa video. Yule mzungu alizoea kufungua vitu vingi kwa pamoja.

Pili, toa CD, uifute kwa kitambaa laini kilichooshwa na kukauka. Futa kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe kama unayefuta sahani.

Tatu, picha ikicheza usiikuze ijae kioo chote. Iache ndogo, hata kama ni ya ukubwa wa kiberiti. Ndogo haiisumbui mashine.

Nne, angalia stima. Najua huko Lindi mnaunganisha laini moja nyumba kumi. Jaribu asubuhi kabla watu hawajawasha pasi na redio.

Ikikataa yote, kuna dawa ya mwisho: tutainakili video kutoka kwa CD tuiweke ndani ya kompyuta yenyewe, icheze bila kungoja ile CD izunguke. Lakini lazima ndani kuwe na nafasi. Niandikie imefika wapi.

Nakusalimu, na maandazi nitayalipa siku moja.

Oloo


Lindi
19 Aprili 1999

Oloo,

Nimefanya yote. Nimefuta CD kwa kipande cha shuka ya Mzee mwenyewe. Nimeamka alfajiri baada ya kuswali, mtaa wote ukiwa kimya, nikamfungua akiwa mdogo kama picha ya kipande, ile ya kitambulisho. Amesonga mbele kidogo. Zamani alikwama kwenye "Bakhi", sasa amemaliza "Bakhita" na kuinua mkono. Halafu akakwama na mkono wake juu.

Usinicheke, lakini nilifurahi. Siku arobaini na nane sijamwona akiinua mkono.

Kuhusu kunakili, nilijaribu, mashine ikaniletea maandishi kuwa hakuna nafasi. Mzungu amejaza picha za mitaro na mbwa. Nifanyeje?

Dada yangu Mariam wa Riruta, unamjua, yule mnene mwenye kucheka, amelazwa nyumbani na tumbo. Amemtuma Adhis aniambie nisiwe na wasiwasi. Mariam akisema usiwe na wasiwasi ndipo wasiwasi unapoanza.

Bakhita


Kawangware
21 Aprili 1999

Mama,

Umenishangaza. Nina vijana wamesoma kompyuta mwaka mzima hawajui kufuta CD vizuri kama wewe.

Sasa lazima tujue mgonjwa ni nani, CD au kompyuta. Mpe Adhis hiyo CD, aifunge kwa leso aiweke ndani ya mkoba, siyo mfukoni. Nitaijaribu kwa mashine yangu ambayo ina nguvu. Ikicheza kwangu, basi ugonjwa uko kwa kompyuta yako na ninajua tiba yake. Siku mbili tatu itakuwa imerudi kwako.

Wazee watamwona Mzee akiongea kama aliye hai, nakuahidi.

Oloo


Lindi
1 Mei 1999

Oloo,

Siku mbili tatu zimekuwa kumi. Kama CD imepotea niambie, nijue ninalia nini.

Adhis anasema amekuuliza mara mbili. Maneno yake ni haya, nayaandika alivyoyasema: "Mama, huyo jamaa ako na stori mob, maneno mengi, lakini akinijibu anaangalia chini." Mimi nilimwambia wewe una kazi nyingi. Usinifanye mwongo.

Bakhita


Kawangware
3 Mei 1999

Mama Bakhita,

Samahani kwa kuchelewa. CD hii hapa, salama.

Habari si nzuri. Nimeijaribu, ina mikwaruzo ya ndani ambayo haionekani kwa macho. Hata kwangu imekwama pale pale. Tafadhali usijaribu tena kuinakili, unaweza kuua kompyuta yote na usipate hata hicho kidogo.

Ushauri wangu ni huu: tafuta njia nyingine ya vile vyumba. Tafuta mtu aliyekuuzia mabati. Tafuta fundi aliyejenga, nadhani ni Shivachi, bado yuko hai huko Makina. Watu walio hai ni mashahidi wazuri kuliko video.

Dada Mariam anaendeleaje?

Oloo


Lindi
9 Mei 1999

Oloo,

Nimesoma barua yako mara tatu, kila mara nikitafuta yule kijana wa mwezi jana. Yule alikuwa na dawa nne na ya tano akiba. Huyu wa sasa ananiambia nimtafute Shivachi, ambaye akinywa hakumbuki jina la mkewe.

Dunia haina siri, Oloo. Adhis alikuona Alhamisi umesimama na Sadiq pale kituo cha magari Kawangware, mnashikana mikono. Mama yako anapanga kwenye ploti ya Sadiq, najua hilo. Sikuwahi kukulaumu kwa hilo, mtu hupanga anapopata. Lakini kama amekununua, niambie bei, nijue thamani yangu.

Mariam amezidi. Hali chakula, macho yamekuwa ya manjano. Anaomba nije. Nimewaambia waniombee radhi, mjane hatoki. Mama yetu alikaa eda yake bila kuvuka kizingiti, na bibi yetu vivyo hivyo. Mimi sitakuwa wa kwanza kumwaibisha mume kaburini.

Jaribu tena na hiyo CD. Nakuomba. Nimezoea kuamuru, kuomba sijui vizuri, lakini nakuomba.

Bakhita


Kawangware
12 Mei 1999

Mama yangu,

Sijanunuliwa. Sadiq alinisimamisha kunisalimu na kuniuliza bei ya kutengeneza redio. Sikumwambia lolote na sitamwambia.

Kuhusu CD, imekwisha. Usinisukume hapo.

Lakini kuhusu dada Mariam naomba nikwambie kitu. Nenda. Jifunike vizuri, toka asubuhi, urudi kabla ya jua kuzama. Mgonjwa ni mgonjwa na dada ni dada. Mungu hawezi kukukasirikia kwa hilo. Mzee naye hawezi kukukasirikia, nakuapia. Kama ni mimi ningeenda leo.

Oloo


Lindi
14 Mei 1999

Oloo,

Uliitwa kutengeneza kompyuta, sasa unatengeneza dini? Kwenu ni kanisani na una haki zako huko. Mambo ya eda waachie wenyewe.

"Mzee hawezi kukukasirikia." Wewe ndiye unayemjua Mzee kunizidi mimi niliyelala naye miaka ishirini na tisa, nikamwosha miezi kumi na minne alipopooza upande, nikamlisha kwa kijiko? Shika adabu yako.

Bakhita


Lindi
30 Mei 1999

Kwa Oloo,

Mariam amefariki Alhamisi, tarehe 27. Walimzika siku ile ile baada ya alasiri. Nilikaa kitandani nikihesabu saa: sasa wanamwosha, sasa wanamkafini, sasa wanamtoa. Adhis alikuwapo. Anasema mpaka mwisho kitanda chake walikigeuza kielekee mlangoni, yeye mwenyewe aliomba.

Sina ninachokutaka. Nimekuandikia kwa sababu aliwahi kukupa viatu vya kwenda shule na ni haki ujue.

Bakhita


Kawangware
2 Juni 1999

Mama Bakhita,

Nimeketi na karatasi hii tangu asubuhi. Wateja wamekuja wameondoka. Pole. Pole sana. Sijui kuandika zaidi ya hapo.

Oloo


Lindi
12 Julai 1999

Oloo,

Eda yangu iliisha Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilioga, nikachukua barua yako ya tarehe 14 Aprili, ile ya yule kijana mwingine, nikaisoma kama mtu anayesoma dawa ya mgonjwa wake mwenyewe. Ulisema lazima ndani kuwe na nafasi. Nikaingia ndani ya mashine, nikafuta mbwa wote wa mzungu, mitaro yote, watoto wote waliokenua meno, mmoja mmoja, kutoka saa mbili mpaka saa tano. Halafu nikainakili ile video. Ilichukua muda wa kupika maharagwe. Haikuua kompyuta. Haikukwama popote.

Kisha nikaipeleka CD juani nikaigeuza huku na huku. Haina mkwaruzo hata mmoja, Oloo.

Wewe umekulia mlangoni kwetu na Kinubi unakijua kama sisi. Lakini nitayaandika, nione kama nimesikia sawa. Alisema: "Bakhita nimemwacha." Ndilo lililofuata baada ya jina langu na ule mkono. Alisema, siku ile tuliyogombana kwa sababu sikukubali auze vyumba, nilipokwenda kulala kwa Mariam, alikaa peke yake akatamka talaka, na akamaanisha. Akaiacha ipite mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakunirejea, talaka ikakamilika. Mwezi wa nne akapooza. Akaogopa kuniambia, kwa maana nani angemwosha? Sadiq? Alisema ananiona nikiingia na beseni na anafumba macho kwa aibu. Na kwa sababu hiyo, alisema, vile viwili vya barabarani ni vya Bakhita, jasho lake, asije mtu akamfukuza kwa kuwa hakuwa mke tena.

Basi ndivyo yalivyo. Vyumba na talaka amevifunga fundo moja. Huwezi kufungua kimoja ukaacha kingine.

Nilikaa nayo siku mbili. Ningeinyamazia, ningebaki mjane wa heshima asiye na pa kulala. Jana wazee walipokaa, niliweka kompyuta juu ya meza ya chai nikawaambia watazame. Alipofika kwenye lile neno, mzee mmoja alinyoosha mkono afunge, kwa kunihurumia. Nikamwambia, "Acha iendelee, bado hajafika kwenye mabati." Ikaendelea mpaka mwisho. Wamenipa vyumba vyangu, hakuna aliyebisha. Hata Sadiq hakubisha. Alisema tu, basi nyumba kubwa nitoke leo leo, maana mimi ni mtu wa nje. Na wanawake niliosuka nao vitanga wameanza kuulizana, kumbe mwaka ule wote nilikuwa nikimwosha mwanamume asiye mume wangu? Wananiuliza mimi kama niliyekuwa nikijua.

Nakuandikia nikiwa chumba cha barabarani. Lori likipita kitanda kinatikisika.

Nataka kitu kimoja kutoka kwako. Usieleze, usiombe radhi. Niambie tu ulijua lini. Andika tarehe.

Bakhita


Kawangware
14 Julai 1999

Mama Bakhita,

Tarehe 24 Aprili. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Ilicheza mara ya kwanza bila shida yoyote. Niliirudia mara ya pili kwa sababu nilidhani Kinubi changu kimeoza. Kisha nilifunga duka.

Umeniambia nisieleze, lakini nikinyamaza tena nitakuwa nimefanya kosa lile lile. Nilijiambia ni huruma. Nilijiambia, huyu mama anamlilia mumewe, mwache amlilie, vyumba tutavitafutia mashahidi. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Mama yangu anakaa kwa Sadiq, na jambo hili likilipuka mkono wangu ukiwa ndani, angefukuzwa yeye kwanza. Huruma na woga nilivichanganya mpaka mimi mwenyewe sikujua kipi ni kipi.

Nilipokuambia uende Riruta, nilidhani nimekwambia yote. Nilidhani utanielewa bila mimi kulitamka. Ulipokasirika nikaona afadhali unichukie. Kuchukiwa kulikuwa rahisi.

Eda haikuwa juu yako. Nililijua hilo, nikakutazama ukiikaa.

Nisamehe, Mama.

Oloo


Lindi
17 Julai 1999

Oloo,

Kutoka tarehe 24 Aprili mpaka tarehe 27 Mei ni siku thelathini na tatu. Kutoka hapa mpaka kwa Mariam ni mwendo wa saa moja na kitu, na mimi miguu yangu ni mizima. Ningeweza kwenda na kurudi kila siku. Ningemkanda tumbo. Ningemtukana kwa kukataa uji, angecheka, angekula. Hizo zilikuwa siku zangu na zake, wala si za Ramzy, na wewe ulizishika mkononi ukaniambia zina mikwaruzo.

Ramzy aliniogopa nisimtupe. Wewe uliniogopea nisiumie. Kila mmoja wenu alikaa na neno langu akaniangalia nikihangaika, kisha akaita hiyo ni huruma. Mtu akinichukia kama Sadiq namwona anakuja na ninajua nimkabili vipi. Wenye huruma wamenishinda.

Msamaha sina. Nimetafuta kila mahali ndani yangu, sijauona. Na usiniite Mama.

Mama yako alikuja jana kuniona. Alileta sukari kilo moja, akakaa kwenye kigoda, akauliza kama ni wewe uliyeitengeneza ile video hata ikacheza mbele ya wazee. Alisema nina bahati kukupata, kwa sababu katika watoto wake wote wewe ndiye usiyeweza kumficha mtu jambo, tangu utoto. Alinitazama akingoja nimwitikie.

Nilimwongezea chai.

Bakhita